Mkanda wa Kichujio cha Vakyumu Ukiteleza, Skrubu ya Kukaza Iguswe Mwisho

Kwenye vichujio vya mkanda vinavyofanya kazi kwa vakyumu, vile virefu vya kulala vinavyokamua tope la jasi, la fosfeti au mabaki ya madini ya shaba yaliyoyeyushwa kwa asidi, lalamiko linalofika karakana mara kwa mara ni kwamba mkanda unateleza. Mtu wa zamu huchukua spana, huenda kwenye puli ya mkia (ile isiyo na mota), hukaza skrubu za pande zote mbili, mkanda unashika na uzalishaji unaendelea. Baada ya muda beringi ya puli ya kuendesha huanza kunguruma, sili ya giaboksi huvuja, au mkanda hufumuka kwenye kiungo chake. Fomu ya matengenezo itaandikwa "beringi mbovu", na beringi mpya itafungwa ili nayo ife kifo kile kile.

Maboresho tuliyoyaona yakidumu ni yale yaliyoanzia mahali pengine kabisa: kupunguza kinachouvuta mkanda nyuma, kisha kuongeza mshiko wa puli, kisha kurekebisha namna mashine inavyowashwa. Mkazo wa mkanda hushughulikiwa baada ya hayo yote, na mara nyingi ikifika zamu yake unakuta unapaswa kupunguzwa.

Mashine yenyewe kwa ufupi. Mkanda mkuu ni raba nene yenye mifereji iliyokingama na mstari wa matundu katikati. Juu yake hukaa kitambaa cha kuchujia, na juu ya kitambaa keki, yaani tope linalokamuliwa maji. Chini ya matundu kuna sanduku la vakyumu lenye urefu wa eneo lote la kuchujia. Kati ya mkanda mkuu na midomo ya sanduku hupita mikanda miwili myembamba ya kinga, inayotembea pamoja na mkanda mkuu na kulainishwa kwa maji. Kazi yake ni kuziba hewa na kukubali kuchakaa kwa niaba ya mkanda mkuu, ambao ni ghali na haubadilishwi bila kusimamisha kila kitu. Puli ya kuendesha iko upande wa kumwagia keki. Mota yake hufungwa moja kwa moja kwenye giaboksi au, katika mashine nyingi za zamani, huizungusha kupitia mikanda ya V.

Mzigo uko chini ya mkanda

Wengi hudhani kinachoichosha mota ni keki. Hesabu inakataa. Chukua sanduku la vakyumu la urefu wa mita 10 lenye mdomo wa upana wa milimita 150: eneo lake ni mita 1.5 za mraba. Vakyumu ikiwa 60 kPa (kilopaskali), hewa ya nje inaugandamiza mkanda juu ya sanduku kwa nguvu ya 90 kN (kilonyutoni), karibu uzito wa tani 9. Sasa keki: mkanda wa upana wa mita 2, urefu huo huo wa mita 10, keki ya unene wa milimita 20. Hiyo ni mita za ujazo 0.4, na kwa tope la kawaida haifiki hata tani moja.

Kwa hiyo kinachoamua nguvu ya kuvuta ni msuguano kwenye midomo ya sanduku. Mikanda ya kinga ikiteleza juu ya utando mzuri wa maji, tuseme mgawo wa msuguano (sehemu ya nguvu ya mgandamizo inayogeuka kuwa msuguano) ni 0.05, kuvuta kunahitaji 4.5 kN. Maji yakikatika na mgawo ukapanda hadi 0.2, inahitajika 18 kN. Mashine ni ile ile, keki ni ile ile, mota ni ile ile, lakini mzigo umekuwa mara nne kwa sababu tundu dogo la maji limeziba.

Ndiyo maana ukaguzi wa kwanza ni wa maji ya kulainisha. Kosa linalojirudia viwandani ni kutumia maji ya mchakato yanayorudi kutoka kwenye uchujaji wenyewe. Maji hayo mara nyingi yamejaa jasi iliyoyeyuka; yakipoa, au yakikauka kidogo wakati wa kusimama, yanajenga gamba jeupe ndani ya nozeli na ndani ya mifereji ya mdomo wa sanduku. Peleka maji safi, weka chujio la wavu kabla ya bomba kuu la kugawia, na kila tawi liwe na vali yake na kipimo chake cha mtiririko. Kipimo kimoja kwenye bomba kuu hakitoshi: tawi moja likiziba, maji yanakimbilia matawi mengine na jumla inabaki ile ile, huku kipande cha mita mbili cha sanduku kikikauka. Kwenye mfumo wa udhibiti, mtiririko ukishuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, kengele ilie. Ukikatika kabisa, mkanda usiruhusiwe kuwaka.

Dalili zinasomeka kwa macho. Unga mweusi au ubandiko mweusi ukingoni mwa sanduku ni raba inayosagwa. Mstari unaong'aa chini ya mkanda mkuu, pale mikanda ya kinga inapokaa, unasema mikanda hiyo haitembei sawa na mkanda mkuu. Imeng'ang'ania sanduku, na mkanda mkuu unateleza juu yake. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa kinacholika ni mkanda mkuu. Kabla ya kupeleka mkono huko chini, zima, piga kufuli kwenye swichi kuu ya mota, tundika lebo, subiri geji ya vakyumu irudi sifuri. Kisha chukua mkanda wa kinga kwa mkono, uvute kidogo kando ya sanduku lililoshushwa. Upapase ukingo wake: ukingo uliochanika nyuzi, au upande mmoja ulio mwembamba kuliko mwingine, maana yake sanduku halijalala sawa.

Hilo la sanduku kulala sawa linapuuzwa sana. Sanduku hushushwa kwa ajili ya usafi na kupandishwa tena, na likipandishwa kwa kukadiria, ncha moja hubaki juu milimita tatu nne. Hapo linaubeba mkanda badala ya kuugusa. Funga uzi mwembamba uliokazwa kuanzia juu ya puli moja hadi nyingine, pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi mdomo wa sanduku kwenye kila nguzo ya kushikilia, andika namba, rekebisha kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya bati vya kuinulia. Uso wa mdomo wenyewe ukiwa umechongeka, vaa kipande kipya cha plastiki ngumu ya polietilini ya utelezi. Usijaze mashimo kwa gundi ya epoksi ukadhani umemaliza, maana epoksi ikipasuka inakuwa kama msasa.

Na kuna vakyumu yenyewe. Waendeshaji hupenda kuiona ikiwa juu. Lakini keki ikishapasuka nyufa, pampu inavuta hewa tu, na kuipandisha kutoka 50 kPa hadi 65 kPa kunaongeza mgandamizo juu ya sanduku kwa asilimia 30 bila keki kukauka zaidi ya hapo. Pima unyevu wa keki katika viwango viwili vitatu vya vakyumu, kisha chagua kile cha chini kinachotimiza mahitaji. Hakuna boresho la bei rahisi kuliko hili, na wala halihitaji spana.

Ili kujua mzigo unatoka wapi hasa, soma nguvu ya kuzungusha au kilowati kwenye skrini ya inverta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) katika hali tatu, kwa kasi ile ile: mkanda mtupu bila vakyumu, mkanda wenye keki nyembamba sana na vakyumu ya kawaida, na mzigo kamili. Namba ya kwanza ni ya beringi, rola na mkazo. Tofauti kati ya ya pili na ya kwanza ni ya sanduku. Tofauti ya tatu na ya pili ni ya keki. Usitumie ampea peke yake, kwa sababu mota yenye mzigo mdogo hula ampea nyingi za sumaku ambazo hazisemi chochote kuhusu mkanda. Namba ya kwanza ikiwa kubwa kupita kawaida, tafuta rola zilizokwama: simamisha mashine, zungusha kila rola kwa mkono, na iliyo na sehemu bapa usijadiliane nayo, itoe.

Mshiko wa puli

Puli ikiwa chuma kitupu na kimelowa, mgawo wa msuguano kati yake na raba huchukuliwa kuwa 0.1, na kwenye matope ya mfinyanzi hushuka zaidi. Puli iliyovikwa raba yenye mifereji, ikilowa maji safi, huchukuliwa 0.35, ikichafuka matope, 0.25 hadi 0.30. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uiweke kwenye hesabu ya mikanda. Uwiano wa mkazo wa upande uliokazika kwa upande uliolegea, kabla mkanda haujateleza, ni 2.718 ikipandishwa kwa zao la mgawo wa msuguano na pembe ya kukumbatia kwa radiani. Mkanda ukikumbatia nusu ya puli, pembe ni 3.14.

Rudi kwenye ile 18 kN ya sanduku kavu. Kwa chuma kitupu uwiano ni 1.37 tu, hivyo upande uliolegea lazima ubaki na mkazo wa karibu 49 kN, na upande uliokazika ufike 67 kN. Shafti na beringi zinabeba jumla yake, 116 kN. Vika puli raba: uwiano unakuwa 3, upande uliolegea unahitaji 9 kN, uliokazika 27 kN, na beringi zinabeba 36 kN. Ukiwa umesharekebisha maji na mzigo umerudi 4.5 kN, beringi za puli iliyovikwa zinabeba 9 kN tu kwa ajili ya sanduku. Hicho ni kiwango cha chini cha kutoteleza. Ongeza keki, rola na akiba ya usalama. Lakini ukiangalia 116 dhidi ya 9, utaelewa beringi zilikuwa zinakufa kwa nini.

Kwa vichujio hivi tunapendelea raba ya unene wa milimita 10 hadi 12, ugumu wa 60 hadi 65 kwa kipimo cha Shore A, yenye mifereji ya umbo la almasi, au ya V ambayo ncha yake inatangulia kwenye mwelekeo wa mzunguko ili maji yasukumwe kwenda pembeni. Ikifungwa kinyume, maji yanakusanywa katikati na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Vipande vya kauri vinashika vizuri zaidi kwenye matope, ila siku mkanda ukiteleza juu yake, vinausaga upande wa chini, na upande huo ndio unaotakiwa kuwa laini ili mikanda ya kinga izibe hewa. Kwenye kichujio cha vakyumu, raba inashinda.

Raba ichaguliwe kwa kemikali iliyopo. Raba ya asili inavumilia asidi ya salfuriki hafifu, lakini huvimba ikikutana na mafuta ya taa, na kwenye viwanda vya shaba vinavyotumia mafuta hayo kutenganisha madini, mabaki yake hufika kwenye maji yanayorudishwa. Kuhusu kubandika: chuma kipigwe mchanga mpaka kiwe cheupe, kiwe kikavu kabisa, gundi ipakwe siku isiyo na unyevu mwingi. Ukingo ukianza kunyanyuka, kemikali inaingia chini na kutoka hapo raba yote ni suala la muda. Mahali ambapo kazi hii haiwezi kufanywa kwa utulivu, tumia vipande vya raba vinavyoteleza ndani ya reli zilizochomelewa kwenye puli. Hubadilishwa kimoja kimoja bila kutoa shafti. Kumbuka pia kwamba puli ya milimita 800 ikivikwa raba ya milimita 12 inakuwa ya 824, na mkanda utaongeza kasi kwa asilimia 3.

Rola ya kuongeza pembe inasaidia. Kutoka nyuzi 180 hadi 210, kwa mgawo wa 0.35, upande uliolegea unashuka kutoka 9 kN hadi karibu 7 kN. Lakini rola hiyo inagusa upande mchafu wa mkanda, ule wenye mifereji, mara tu baada ya keki kumwagwa. Bila maji ya kuosha na kikwaruzo kabla yake, itajijenga tope na kuutupa mkanda pembeni. Kikwaruzo kingine kiwekwe upande wa ndani wa mkanda unaorudi, kabla ya puli ya mkia, kwa sababu bonge moja lililonaswa hapo hupigiliwa kati ya raba na puli katika kila mzunguko.

Kuwasha, kukaza, kunyoosha

Msuguano wa kuanza kutoka kusimama ni mkubwa kuliko wa mwendo. Kuuwasha mkanda huku vakyumu imeshapanda ni kuutafutia mtelezo. Utaratibu uwe huu: maji ya kulainisha kwanza, kisha mkanda na maji ya kuoshea kitambaa, kisha tope lifunike kitambaa, ndipo vakyumu ipandishwe polepole kwa vali. Kuzima ni kinyume chake: funga tope, acha keki yote imwagike, vunja vakyumu, simamisha mkanda, maji ya kulainisha yafungwe mwisho. Umeme ukikatika ghafla na keki ikabaki juu, osha kwa mpira wa maji kabla ya kuwasha tena. Inverta iwekewe muda wa kupanda wa sekunde 20 hadi 30 na kikomo cha nguvu ya kuzungusha, ili ikikutana na kizuizi isimame badala ya kuvunja.

Funga vihisi viwili vya mzunguko, kimoja puli ya kuendesha na kingine puli ya mkia. Puli ya mkia haina mota. Inazungushwa na mkanda. Kasi ya uso wake ikibaki nyuma ya puli ya kuendesha kwa asilimia 2 au 3, mkanda umeanza kuteleza, na utajua kabla moshi haujatoka.

Sasa ndipo mkazo. Legeza mpaka mkanda uteleze kidogo wakati wa kuwasha ukiwa na mzigo, kisha kaza hatua ndogo ndogo pande zote mbili kwa kipimo sawa mpaka mtelezo uishe, na ongeza kidogo kama akiba, bila kupita kikomo cha mtengenezaji wa mkanda. Jaribio hilo lifanywe haraka na kwa kusimamiwa, maana kila mtelezo unakula raba. Pima umbali wa kila beringi ya mkia kutoka alama iliyopigwa kwenye fremu, uuandike kwa rangi papo hapo. Zamu inayofuata itajua kama kuna aliyekaza.

Mkanda ukikimbilia upande mmoja, pima diagonali kati ya puli mbili kabla ya kugusa chochote. Ziwe sawa ndani ya milimita 2. Kwenye puli ya mkia, mkanda hukimbia upande uliokazwa na kwenda ulikolegea. Kwenye rola za kurudi, huenda upande ambao unaigusa rola kwanza. Geuza skrubu robo mzunguko, kisha subiri. Mkanda wa mzunguko wa mita 30 unaotembea mita 6 kwa dakika unahitaji dakika 5 kumaliza mzunguko mmoja, na matokeo hayaaminiki kabla ya mizunguko mitatu. Fundi asiyesubiri robo saa hiyo hugeuza tena, na tena, na jioni hajui alipoanzia. Mkanda ukitoka nje ya mstari sentimita chache tu, matundu hayalingani na sanduku, vakyumu inashuka, na mwendeshaji anaongeza pampu kufidia.

Mikanda ya V kati ya mota na giaboksi

Kabla ya kuilaumu, tenganisha aina mbili za mtelezo. Pima kwa takometa (kipima mizunguko): mota ikizunguka 1,450 kwa dakika na uwiano wa puli ukiwa 2 kwa 1, shafti ya giaboksi izunguke karibu 725. Pungufu ya asilimia moja au mbili ni kawaida. Ikifika asilimia 5, tatizo liko hapa na si kwenye mkanda mkuu.

Mkazo hupimwa kwa kusukuma mkanda katikati ya nafasi kati ya puli, milimita 16 kwa kila mita. Nafasi ya milimita 600 inapaswa kubonyea karibu milimita 10 kwa nguvu iliyoandikwa kwenye jedwali la mkanda. Mipya hulegea baada ya kukaa vizuri kwenye mifereji, kwa hiyo irudiwe baada ya siku ya kwanza. Badilisha seti nzima. Mmoja mpya kati ya mitatu ya zamani hubeba kazi ya wote. Mkanda ukikaa chini ya mfereji na chini hapo pakang'aa, puli imelika, na mkanda mpya hautasaidia. Dawa za kupaka ili mkanda ushike hazifai; hukusanya vumbi na kulainisha raba. Kuweka mkanda wa meno badala yake huondoa mtelezo, lakini huondoa pia ulinzi: siku mkanda mkuu ukikwama, mshtuko wote unaishia kwenye giaboksi.

Hatua hii ya mikanda ya V ndiyo mahali rahisi pa kurekebisha kasi. Viwanda vingi vinaendesha kichujio kwa 20 Hz (masafa ya umeme ambayo inverta hupeleka kwenye mota) muda wote, feni ya mota haipozi vya kutosha na mota inaungua taratibu. Tuseme puli ya mota ni ya milimita 200 na kasi ya juu ya mkanda mkuu ni mita 10 kwa dakika. Ukiweka ya milimita 125, kazi iliyokuwa inafanywa kwa 20 Hz inafanywa kwa 32 Hz, na nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye puli ya kuendesha inaongezeka mara 1.6. Kasi ya juu inashuka hadi mita 6.25 kwa dakika, hivyo hakikisha haitahitajika zaidi. Mkanda wa aina ya SPA unaruhusu kipenyo hicho. SPB hautaki kupungua milimita 140. Kwa kuwa puli ndogo hupeleka nguvu ile ile kwa mkanda unaokimbia polepole, mvuto kwenye kila mkanda unapanda, na huenda seti ya mitatu ikahitaji kuwa ya mitano. Angalia kibao cha giaboksi kama kinakubali nguvu hiyo mpya upande wa kutokea, na kikomo cha inverta kishushwe kwa kiwango hicho kabla ya mota kuwashwa kwa mara ya kwanza.